Watoto Wanauliza: maji ya moto frizani, jiwe juu ya sufuria, na mwezi unaofuata watu

Barua nyingine zimeandikwa na watoto wenyewe, nyingine na wazazi walioishiwa majibu. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kujaribiwa nyumbani, shuleni au ufukweni kwa vyombo vya kawaida. Penye moto, maji yanayochemka au bahari, mtu mzima awepo.

Shikamoo wahariri. Kaka yangu anasema ukiweka maji ya moto na maji ya baridi kwenye friza, ya moto ndiyo yanayotangulia kuganda. Nimemwambia ni mwongo. Nani yuko sahihi?
*Msomaji wa darasa la sita, Muheza*

Marahaba. Usimwite mwongo bado, ila naye asijigambe bado. Jambo analolisema lina jina duniani kote, na jina lenyewe limetoka mkoani kwenu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye sehemu ya barafu ya friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake akaingiza maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa trei, akayaingiza yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yangali uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini hakushangaa hata kidogo: yeye aliingiza mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Mpemba akalibeba swali lake hadi shule ya Mkwawa, Iringa. Huko mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likaufanya huo kuwa utani wa kila siku. Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipokwenda kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na swali lake mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliporudi Dar alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka lije jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la *Physics Education*.

Walichofanya kinaigika. Walitumia mililita 70 za maji katika bika (glasi za maabara) za mililita 100, wakaziweka juu ya kipande cha foromu (plastiki nyepesi yenye povu) ndani ya sehemu ya barafu ya friji ya kawaida. Maji yaliyochukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza na joto la nyuzi 25 hivi. Yaliyoanza na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi kwa mbali.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya muda ambao maji huchukua kufika nyuzi 0. Hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikikaa sentimita moja tu juu au chini ya kingine, tofauti hiyo inatosha kumdanganya mpimaji. Angalieni vizuri: wao walipima kufika nyuzi 0, Osborne alipima kuanza kuganda. Hayo ni mambo mawili. Maji safi yaliyotulia yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 kwa nyuzi kadhaa yakiwa bado maji, kisha yakaganda ghafla, na nani ataanza hutegemea vumbi, mikwaruzo ya chombo na bahati. Kwa hiyo kaka yako anaweza kuwa sahihi leo, kesho akashindwa kwenye friza hiyo hiyo.

Jaribuni hivi. Chemsheni maji ya kutosha vikombe vyote viwili. Nusu yaacheni yapoe usiku kucha, nusu yapashwe moto tena asubuhi na mtu mzima. Mkitumia ya bomba upande mmoja na yaliyochemshwa upande wa pili, mtakuwa mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo, maana kuchemsha hutoa hewa iliyoyeyuka majini. Tafuteni vikombe viwili vya plastiki ngumu vilivyo sawa kabisa (vya kioo vitapasuka). Pimeni mililita 70 kila kimoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa. Chini ya vikombe wekeni foromu au kadibodi nene. Hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi: kikombe cha moto kikikaa moja kwa moja juu ya barafu ya friza, kinaiyeyusha, kinagusana vizuri na bati lililo chini yake, na kinapoa haraka kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kuanza, kubalianeni neno "kuganda" lina maana gani, kama ni utando wa kwanza pembeni au barafu mpaka chini. Chunguzeni kila baada ya dakika 10, mkifungua mlango kwa muda mfupi. Rudieni angalau mara tano, kila mara mkibadilishana nafasi za vikombe, kwa sababu upande ulio karibu na ukuta wa friza una baridi zaidi. Siku umeme ukikatika, matokeo ya siku hiyo futeni.

Mwisho, pimeni ujazo tena baada ya barafu kuyeyuka. Kikombe cha moto kitakuwa na maji machache, kwa kuwa mengine yaliondoka kama mvuke. Osborne aliliangalia hilo na kuona kwamba maji yaliyopotea hayatoshi kueleza tofauti yote. Tuandikieni matokeo yenu yote matano, hata yakipingana.

Binti yangu wa miaka minne anauliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea usiku. Nimemwambia unampenda.
*Baba, Morogoro*

Jibu lako halina ubaya. Akitaka lingine, mwambie anyooshe kidole mbele ya pua, afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kitaruka huku na huku. Sasa afanye hivyo hivyo akitazama mti ulio mbali: hauruki. Kitu kilicho karibu hubadili upande ukisogea, kilicho mbali hakibadili. Mnapotembea, nyumba na miembe inabaki nyuma, lakini mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, kwa hiyo hatua zenu hazibadili chochote. Ili uone mwezi umesogea kando kwa upana wake mwenyewe, ungetakiwa kwenda karibu kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, kama kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza mara nne. Kwa miaka minne, kidole kinatosha.

Huku kwetu maharage hukaa jikoni nusu siku. Mwanangu amebandika jiwe juu ya mfuniko wa sufuria, anasema ametengeneza presha kuka. Anauliza kama itafanya kazi.
*Mama, Makete*

Mwanao ameelewa kitu ambacho watu wazima wengi hawajakielewa. Kilichomwangusha ni hesabu tu.

Maji huchemka pale ambapo mvuke wake unapata nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu yake. Pwani hewa ni nzito, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako inapungua, na joto la kuchemka linashuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300. Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kwenye mita 2,000 na kitu za milima yenu ni karibu 93. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni kama 80, na huko maharage hayaivi hata ukiyachemsha kutwa. Kuongeza kuni hakusaidii: moto mkubwa unafanya maji yaishe haraka, lakini joto la maji linabaki pale pale. Hili ndilo watu hawaliamini mpaka watie kipimajoto ndani ya sufuria.

Presha kuka hufunga mvuke ndani ili usukume kama hewa nyingine nzima iliyoongezwa, takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo maji hufikia karibu nyuzi 120 pwani, na kama 117 huko kwenu. Sasa tupige hesabu ya jiwe. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 25 una eneo la sentimita za mraba 490 hivi. Jiwe la kilo 2 linakandamiza kwa gramu 4 tu kwa kila sentimita ya mraba. Hilo linapandisha joto la kuchemka kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ili jiwe lifanye kazi ya presha kuka lingepaswa kuwa na kilo 490, uzito wa ng'ombe dume. Tafadhali asitafute. Wala asifunge mfuniko kwa waya, kwa sababu sufuria ya kawaida haina tundu la kupunguzia mvuke na hupasuka. Ila jiwe lake lina faida moja: mvuke hauponyoki hovyo, na maji pamoja na kuni hupungua kwa kiasi.

Yanayosaidia kweli ni haya. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, bandika kwa maji mapya. Maharage ya msimu uliopita, hasa yaliyokaa kwenye joto na unyevu, hugoma hata yakilowekwa, na hapo si kosa la mpishi. Nyanya, ukwaju au limau vitiwe baada ya maharage kulainika, kwa sababu uchachu huzuia ganda lisilegee. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi yana tabia hiyo hiyo. Magadi yanafanya kinyume: robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha. Ukizidisha, ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Na maharage mekundu yasiliwe yakiwa nusu mabichi. Yana sumu ya asili inayotapisha, ambayo huharibika kwa kuchemka sawasawa, si kwa moto wa kuvuguvugu.

Mwalimu anasema mwezi ndio unaoivuta bahari, ndiyo maana maji yanajaa na kupwa. Lakini jua ni kubwa kuliko mwezi, kwa nini si jua? Na mwezi ni mmoja, mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?
*Kidato cha kwanza, Chake Chake*

Maswali mawili, na yote mawili yana meno.

Tuanze na jua. Kweli lina uzito mara milioni 27 kuliko mwezi, na liko mbali mara 390. Nguvu ya mvutano hupungua kwa umbali kuzidishwa kwa umbali: 390 × 390 ni 152,100. Gawa milioni 27 kwa 152,100, utapata 177 na kitu. Maana yake jua linaivuta dunia kwa nguvu mara 177 kuliko mwezi! Ulikuwa sahihi kushuku.

Lakini kinachoinua maji si mvutano wenyewe, ni *tofauti* ya mvutano kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Fikiria watoto watatu wameshika mpira mrefu wa manati, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma, wote wanakimbia upande mmoja. Wakikimbia kwa kasi ileile, mpira haunyooki hata wakikimbia kama upepo. Wa mbele akizidi kidogo na wa nyuma akichelewa kidogo, mpira unavutika pande zote mbili za yule wa katikati. Wa mbele ni bahari iliyoelekea mwezi, wa katikati ni dunia, wa nyuma ni bahari ya upande wa pili. Hapo umepata jibu la swali la pili: vimo viwili vya maji, kimoja kuelekea mwezi na kimoja upande wa nyuma, na dunia inapojizungusha kila pwani inapitia vyote viwili.

Tofauti hiyo hupungua kwa umbali mara *tatu*: 390 × 390 × 390 ni zaidi ya milioni 59. Gawa 27 kwa 59, unapata 0.46. Jua basi linainua bahari kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unashinda kwa ukaribu, si kwa ukubwa.

Jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nguvu zao zinajumlika, na baada ya siku moja au mbili mnapata bamvua. Vikiwa vimekaa pembe mraba, mwezi ukiwa nusu, vinapunguzana, nanyi mnaita maji mafu. Kwenye pwani ya Zanzibar tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 siku za bamvua kubwa. Siku za maji mafu inaweza kushuka hadi mita moja na kitu. Ziwa Victoria nalo huvutwa, ila ni dogo mno kwa kazi hiyo, hivyo maji hupanda kiasi ambacho upepo wa asubuhi tu unakificha.

Kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25, si saa 12 kamili, kwa sababu dunia ikijizungusha mwezi nao unakuwa umesogea mbele. Ndiyo maana maji hujaa kesho kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko leo.

Kuna jambo vitabu vya shule hulirukaruka. Kwa hesabu ya mpira wa manati, siku ya mwezi mwandamo maji yangejaa saa sita mchana, mwezi ukiwa utosini. Mvuvi yeyote wa Pemba atakuambia sivyo: siku hizo hujaa karibu saa kumi alasiri, na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ndipo wakulima wa mwani huteremka. Bahari si ganda la maji linaloteleza bila kizuizi. Mabara yanaizuia, kina kinabadilika, na maji huyumba ndani ya bonde la Bahari ya Hindi kama ndani ya beseni ulilolisukuma. Mwezi ndio unaosukuma beseni, lakini saa ya maji kufika kwenu huamuliwa na umbo la beseni.

Kwa kupima, tafuta nguzo ya gati, si kijiti cha kuchomeka mchangani, maana mkondo hukipeleka. Weka alama kila sentimita 10, soma kila saa kwa saa sita, na usome katikati ya mawimbi, si kwenye kilele chake. Utaona maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua siku ambayo tofauti ni mita 3.6: saa ya kwanza yatapanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Wanaochokoa pweza mwambani huzingirwa kwenye saa ya tatu, kwa sababu saa ya kwanza iliwadanganya kuwa maji yanakuja taratibu. Yakishaanza kugeuka, anza kurudi.

Mvua ikianza, bibi anafunika vioo vyote na kutukataza kuvaa nguo nyekundu. Radi inajuaje kuna kioo ndani?
*Msomaji, Kisii*

Haijui. Radi hushuka kwa kurukaruka kutoka wingu, na huchagua pa kutua ikiwa imebaki mita makumi tu kutoka ardhini. Inachokifuata ni kitu kirefu kilichochomoza: mnara, mti, mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Kioo cha ukutani na rangi ya fulana havimo. Bibi mwacheni afunike vioo, hakuna anayeumia. Sheria zinazookoa ni nyingine.

Hesabu sekunde tangu kuona mwanga mpaka kusikia ngurumo, gawa kwa 3: hizo ndizo kilomita. Mwanga unakufikia papo hapo, sauti huenda mita 340 na kitu kwa sekunde. Bila saa, sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia hata kama mvua haijaanza. Ingieni nyumba yenye kuta, kaeni ndani mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Msiguse bomba la chuma wala simu iliyo kwenye chaji. Gari lenye paa la bati ni salama kwa sababu umeme hupita kwenye bodi yake na kuingia ardhini. Matairi hayahusiki, kwa hiyo bodaboda haikulindi. Kibanda kisicho na kuta na kivuli cha mwembe ni mahali pabaya kuliko pote.

Ng'ombe hufa kwa wingi chini ya mti mmoja kwa sababu umeme huenea ardhini. Miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, basi umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine ukipitia moyo. Ukikwama uwanjani, bana miguu pamoja, chuchumaa, usilale.

Na hili mwambieni bibi pia: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe upesi. Asipopumua na moyo ukiwa umesimama, akandamizwe kifua papo hapo wakati gari linatafutwa. Wengi hupona, ila wengine hupotea kwa kuogopwa kuguswa.

Nimemweka kinyonga juu ya kanga nyekundu ya mama na hajawa mwekundu. Je, ni mgonjwa?
*Darasa la nne, Korogwe*

Mzima kabisa, ila pengine amekasirika. Kinyonga haigi rangi ya mahali alipo. Hubadilika kwa hofu, kwa hasira, anapomwona mwenzake, na kwa jua: asubuhi yenye baridi wengi huwa weusi-weusi ili wapate joto haraka. Hana sumu, lakini mrudishe kwenye tawi ulikomtoa.

Kinachovutia zaidi ni namna anavyofanya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa aina moja ya kinyonga wa Madagascar, kwamba ndani ya ngozi kuna vijiwe vidogo mno visivyo na rangi, vimepangwa kwa mistari. Vikikaribiana hurudisha mwanga wa buluu, nao ukipita kwenye rangi ya njano ya ngozi unaonekana kijani. Akihamaki, vijiwe vinaachana kidogo na mwanga unaorudi ni wa njano au mwekundu. Rangi inatokana na nafasi iliyopo kati ya kijiwe na kijiwe.

Rangi isiyo na rangi unaweza kuitengeneza. Changanya mililita 200 za maji, vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya kuoshea vyombo na kimoja cha sukari, koroga taratibu bila kutoa povu, acha saa moja. Puliza kiputo kwa mrija juu ya sahani yenye maji, nyuma yake weka kitambaa cheusi, dirisha liwe upande wako. Utaona kijani, zambarau na dhahabu vikiteremka kwa mistari, ingawa sabuni yenyewe haina rangi hizo. Kila rangi ni unene fulani wa utando, na utando wote hauzidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Kiputo kikipasuka mapema, mrija ulikuwa mkavu: uloweshe kwanza. Kikidumu, angalia juu kabisa, ambapo maji yanatiririka kushuka na utando unazidi kuwa mwembamba. Patatokea doa jeusi kana kwamba pametoboka. Hapo hapajatoboka, utando umekuwa mwembamba mno hata usiweze kurudisha rangi yoyote. Hesabu kuanzia doa linapotokea, hutafika mbali kabla ya kiputo kupasuka.